Konsoli ya seriali imekaa kimya: utatuzi wa matatizo kwa mashine ya Unix isiyo na skrini

Anayekuja na tatizo la konsoli ya seriali (njia ya kuiendesha mashine kwa maandishi kupitia kebo ya seriali) karibu kila mara huanza na maneno yaleyale: "Nimeunganisha, sioni kitu." Ukimuuliza zaidi, unakuta ameshabadilisha kasi mara kadhaa, ameweka programu nyingine, amezima na kuwasha mashine, na sasa hata yeye hajui mipangilio ilikuwaje alipoanza. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Ndani ya kila dalili, sababu inayotokea sana imetangulia na ile ya nadra imekuja mwisho. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kabla ya kuishuku mashine ya Unix hakikisha upande wako ni mzima. Mashine ya Sun au Alpha ya miaka ya 1990 iliyokaa rafuni mara nyingi bado inatuma maandishi yake kama kawaida, ila hayakufikii.

Mpangilio wa kuanzia ni huu: kasi 9600, biti 8, bila pariti (biti ya kukagua makosa), biti 1 ya kusimama, na udhibiti wa mtiririko (ishara za kuruhusu au kusimamisha utumaji) umezimwa kabisa. Sun, SGI, HP 9000 na Alpha nyingi zilitoka kiwandani na 9600 8N1. Usiuguse mpangilio huo mpaka dalili yenyewe ikuambie uuguse.

Tahadhari kabla ya kuchomeka chochote

Kuna adapta za USB zenye nyaya tupu za rangi, zinazotoa volti 3.3 au 5. Hizo ni za bodi ndogo za kielektroniki, hazifai kwa RS-232, kiwango cha umeme cha poti hizi za seriali. Laini ya RS-232 hubeba hadi volti 15 za chanya na hasi, na inaweza kuiunguza adapta hiyo papo hapo. Tafuta adapta yenye kichwa cha pini 9 cha kiume.

Pili, soketi ya pini 25 si lazima iwe ya seriali. Kwenye Sun Ultra 5 na Ultra 10, nyuma kuna soketi mbili za kike za pini 25, moja ya seriali A na nyingine ya printa. Soma alama iliyochapwa kwenye chuma. Ukichomeka seriali kwenye poti ya printa unaweza kuiua poti hiyo.

Dalili ya 1: Kompyuta yako haioni adapta, au inaiona kisha inapotea

Kwenye Linux chomeka adapta kisha andika `dmesg | tail`. Inatakiwa uone jina la chipu na mstari unaotaja `ttyUSB0`. Kwenye macOS tazama `ls /dev/cu.*`. Kwenye Windows fungua Device Manager, uangalie orodha ya poti za COM na nambari iliyopewa adapta yako. Watu wengi huandika COM1 kwa mazoea ilhali adapta imepewa COM5.

Ikiwa `ttyUSB0` ipo lakini programu inasema huna ruhusa, jiongeze kwenye kundi la `dialout` (Debian na jamaa zake) au `uucp` (Arch), kisha toka na uingie upya. Usizoee kufungua kila kitu kwa root.

Ikiwa inajitokeza sekunde moja na kutoweka, na chipu ni ya CH340, mshukiwa wa kwanza kwenye Ubuntu 22.04 ni `brltty`, programu ya vifaa vya nukta nundu. Huidhania adapta kuwa kifaa chake na kuinyakua. Kama hutumii kifaa cha aina hiyo, iondoe. Anayefuata ni ModemManager, ambaye naye hupenda kuchungulia poti mpya akitafuta modemu. Huyo mzime tu.

Kwenye Windows, adapta ya PL2303 yenye alama ya njano na "Code 10" kwa kawaida ina chipu ya zamani au ya bandia ambayo draiva mpya inaikataa. Unaweza kuhangaika na draiva za zamani. Mimi ningenunua adapta nyingine.

Dalili ya 2: Kimya kabisa, hakuna herufi hata moja

Hii ndiyo inayokula muda wa watu. Ukimya una sababu kama nusu dazeni, na ukiitazama skrini tupu huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo ukate mstari vipande, ukianzia kwako.

*Kipimo cha kwanza: jizungushie.* Chomoa kebo kwenye adapta. Kwa kipande kifupi cha waya, unganisha pini namba 2 na namba 3 za adapta. Fungua programu ya terminali, uhakikishe mwangwi wa ndani umezimwa, kisha andika. Kila herufi inatakiwa irudi kwenye skrini, na ukiondoa waya zisirudi tena. Zikirudi, adapta, draiva, programu na nambari ya poti vyote ni vizima, na huna haja ya kuvigusa tena. Zisiporudi, usiende kwenye mashine ya Unix, maana tatizo bado liko mezani kwako.

*Kipimo cha pili: kebo.* Hapa ndipo malalamiko mengi huishia. Kompyuta yako na mashine ya Unix zote hutuma kwa pini ileile ya kutuma, kwa hiyo kebo lazima ipishanishe nyaya ili kinywa cha huku kifike kwenye sikio la kule. Kebo ya namna hiyo huuzwa kwa jina la nul modemu. Kebo iliyonyooka, iliyotengenezwa kwa ajili ya modemu, inaingia vizuri na kukaza skrubu vizuri, lakini haipitishi kitu. Kwa macho hazitofautiani, na lebo za kebo za zamani si za kuaminika.

Tumia mita. Iweke kwenye volti za DC. Chomeka kebo upande wa kompyuta tu, upande mwingine uuache wazi, na ufungue programu ya terminali ili poti iwe hai. Laini ya kutuma ikiwa imetulia hukaa kwenye volti hasi, kati ya -5 na -12 kwa adapta nyingi. Kwenye mwisho wa kebo wenye pini 9, weka waya mweusi wa mita kwenye pini 5, kisha pima pini 2 na pini 3. Hasi ikitokea kwenye 2, kebo imepishana na inafaa. Ikitokea kwenye 3, kebo imenyooka. Kwenye mwisho wenye pini 25, ardhi ni pini 7: hasi ikiwa kwenye 3 kebo inafaa, ikiwa kwenye 2 ni kebo ya modemu. Isipotokea popote, waya umekatika ndani, au vichwa viwili havikulehemiwa sawa.

Jihadhari na marundo ya adapta ndogo. Kebo iliyopishana ukiiongezea kichwa kingine kinachopishanisha, umerudi kwenye kebo iliyonyooka.

*Kipimo cha tatu: je, mashine yenyewe inatuma?* Pima moja kwa moja kwenye soketi yake ikiwa imewashwa. Kwenye soketi ya pini 25, kati ya 7 na 2 lazima kuwe na volti hasi za kutosha. Sun za zamani hutoa karibu volti 5 tu kwa sababu zimefuata RS-423, na hilo si kosa. Ukipata sifuri, jaribu poti B kabla ya kukata tamaa. Tumia ncha nyembamba za mita na mkono usiotetemeka, usije ukagusanisha pini mbili.

*Ikiwa vyote hivyo ni sawa,* basi maandishi yanakwenda kwingine. Kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake.

Sun: OpenBoot, programu ya kuwashia iliyo ndani ya chipu, huangalia kama kibodi ipo. Ikiwa haipo, konsoli huhamia `ttya` (poti ya seriali A) yenyewe. Ikiwa mtu aliiacha kibodi imechomekwa, hata kama hakuna skrini, maandishi yataendelea kwenda kwenye kadi ya picha. Zima mashine, chomoa kibodi, washa. Usiichomoe ikiwa inafanya kazi, maana Sun huichukulia kama amri ya kusimama. Kama unaweza kuingia kwa mtandao, tumia `eeprom input-device=ttya` na `eeprom output-device=ttya` ukiwa root, kisha uwashe upya. Kwenye alama ya `ok` amri ni `setenv`, ikifuatwa na `reset-all`.

SGI: kwenye PROM (programu ya kuwashia iliyo ndani ya chipu) andika `setenv console d`, au ukiwa ndani ya IRIX andika `nvram console d`. Kurudi kwenye skrini, weka `g` badala ya `d`. Indy na Indigo2 zina soketi ya mviringo ya pini 8 inayofanana kwa umbo na ya Macintosh za zamani. Usidanganywe na umbo, si pini zote zinazokubaliana. Kwenye Indy, 3 inatuma, 5 inapokea na 4 ni ardhi. O2 na Octane zina pini 9 za kawaida.

Alpha: kwenye alama ya `>>>` andika `set console serial`, halafu `init`. Mashine nyingine za DEC hutumia soketi ndogo iliyofanana na ya simu lakini yenye kishikizo kilichosogezwa pembeni, iitwayo MMJ. Plagi ya simu haiingii, na usiilazimishe.

Mwisho, kuwa na subira. Mashine yenye kumbukumbu nyingi inaweza kukaa dakika kadhaa ikijipima kabla ya kusema neno. Kwenye Sun, `diag-switch?` ikiwa `true`, vipimo hivyo huwa virefu zaidi, ingawa faida yake ni kwamba huchapwa kwenye `ttya` hatua kwa hatua.

Dalili ya 3: Herufi zinakuja lakini ni takataka

Furahia. Kebo, adapta na poti ni nzima, na yaliyobaki ni makubaliano ya lugha.

Takataka ikiwa ya kila herufi, kasi imekosewa. Jaribu 9600, 19200, 38400, 115200, halafu ushuke hadi 4800, 2400 na 1200. Bonyeza Enter mara mbili kila ukibadilisha.

Baadhi ya herufi zikisomeka na nyingine zikiharibika, kasi ni sahihi lakini pariti haikubaliani. Mfano mzuri ni neno `login:`. Mashine ikituma biti 7 zenye pariti shufwa nawe ukisoma 8N1, litakuja kama `loçiî:`. Herufi l, o na i zina idadi shufwa ya biti zilizowaka, kwa hiyo biti ya pariti hubaki sifuri nazo hupita salama. Herufi g na n zina biti tano, biti ya nane inawashwa, na zinageuka kuwa ç na î, au alama za kuuliza ikiwa terminali yako iko kwenye UTF-8. Ukiona muundo huo badilisha kuwa 7E1.

Maandishi yakiwa safi wakati wa kuwaka kisha yakageuka takataka mfumo unapoanza, kuna kasi mbili: ya PROM na ya mfumo endeshi. Ifuate ya mfumo kwa muda, ingia, kisha urekebishe upande mmoja. Kwenye Sun, kasi ya PROM imo ndani ya `ttya-mode`, yaani `9600,8,n,1,-`.

Herufi zikipotea hapa na pale, hasa kwa kasi kubwa au kebo ndefu, shusha kasi. Hiyo 9600 hupitisha herufi 960 kwa sekunde, na skrini nzima ya 80 kwa 24 hujaa kwa sekunde 2. Kwa konsoli inatosha.

Dalili ya 4: Unasoma vizuri lakini ukiandika hakuna kinachotokea

Sababu namba moja ni udhibiti wa mtiririko wa vifaa. Programu ya terminali iitwayo minicom huja nao ukiwa umewashwa, na kebo ya nyaya tatu haina waya wa kuijulisha kwamba ruhusa ya kutuma ipo, kwa hiyo inasubiri milele. Bonyeza Ctrl-A kisha O, ingia kwenye mpangilio wa poti, kisha F mpaka iseme `No`. Hifadhi, la sivyo kesho utaanza upya.

Ya pili ni Ctrl-S. Uliibonyeza bila kujua, labda kwa mazoea ya kuhifadhi faili, na laini ikasimama. Bonyeza Ctrl-Q.

Ya tatu ni Sun iliyowekewa `output-device` kuwa `ttya` huku `input-device` ikibaki `keyboard`, nayo kibodi ingali imechomekwa. Inasema nawe lakini inamsikiliza mwingine.

Ya nne ni waya mmoja uliokatika. Rudi kwenye kipimo cha mita.

Dalili ya 5: Ujumbe wa kuwaka unaonekana wote, kisha hakuna sehemu ya kuingia

PROM na keneli zinaandika kwenye seriali, lakini hakuna `getty` (programu inayoleta sehemu ya kuingia) inayosikiliza hapo. Ingia kwa mtandao, au uwashe mashine kwa hali ya mtumiaji mmoja, kisha utazame `/etc/inittab` kwenye IRIX na mifumo ya aina ya System V, au `/etc/ttys` kwenye BSD. Kwenye Linux mpya washa `serial-getty@ttyS0` na uongeze `console=ttyS0,9600n8` kwenye vigezo vya keneli.

Ikiwa `getty` ipo lakini imelala, huenda inasubiri ishara ya modemu ambayo kebo ya nyaya tatu haiwezi kuileta. Kwenye Sun hakikisha `ttya-ignore-cd` ni `true`.

Mtumiaji wa kawaida akikubaliwa na root akikataliwa, huo si ubovu. Tafuta neno `secure` kwenye `/etc/ttys`, au mstari wa `CONSOLE` kwenye `/etc/default/login` ya Solaris, mfumo endeshi wa Sun.

Halafu kuna hili la HP-UX linalowatesa watu wenye nywila nzuri: kwenye sehemu ya kuingia, `#` hufuta herufi na `@` hufuta mstari wote, urithi wa enzi za mashine za kuchapa. Nywila yenye alama hizo itakataliwa hata ukiiandika kwa usahihi wote.

Dalili ya 6: Mashine inasimama ghafla ukichomoa kebo au ukizima kompyuta

Hii ndiyo dalili ya hatari, kwa sababu inawaangukia watu wasiohusika. Mashine ilikuwa ikihudumia wengine, wewe umechomoa adapta ya USB tu, na kila kitu kimeganda.

Laini ya seriali ikikaa kwenye upande wa chanya kwa muda unaozidi herufi moja, yaani zaidi ya milisekunde 1 hivi kwa kasi ya 9600, mpokeaji huihesabu kuwa ishara ya Break. Adapta inapopoteza umeme, laini huyumba na kutoa hali hiyohiyo. Sun ikipokea Break kwenye konsoli huusimamisha mfumo na kukurudisha kwenye `ok`. Haijafa. Unganisha tena, andika `go`, na kwa kawaida itaendelea pale ilipoachia. Usiandike `boot` wala `reset-all`, kwani hapo utaupoteza mfumo uliokuwa hai pamoja na data ambayo haijaandikwa diskini.

Dawa ya kudumu kwenye Solaris 8 na kuendelea ni kuweka `KEYABORT=alternate` ndani ya `/etc/default/kbd`, kisha kuendesha `kbd -i`. Baada ya hapo Break ya kawaida inapuuzwa, na kusimamisha mfumo kunahitaji Enter, kisha `~`, kisha Ctrl-B. Kwenye mifumo ya zamani zaidi, chomoa kebo upande wa mashine kwanza kabla ya kuzima kompyuta. Si kinga kamili, lakini inapunguza ajali.

Ukitaka kutuma Break kwa makusudi: kwenye minicom ni Ctrl-A kisha F, kwenye screen Ctrl-A kisha Ctrl-B, kwenye picocom Ctrl-A kisha Ctrl-\, na PuTTY ina menyu ya Special Command. Simama hapa kama mashine si yako. Mwulize msimamizi kwanza.

Dalili ya 7: Umeingia, lakini kihariri cha vi kinachora ovyo na kitufe cha kufuta kinaandika ^H

Solaris huidhania konsoli yake kuwa ya aina ya `sun`, yenye mistari 34. Andika `TERM=vt100; export TERM`, kisha `stty rows 24 columns 80`. Kwa kufuta, andika `stty erase` ukifuatiwa na kitufe chenyewe, halafu Enter.

Dalili ya 8: Mipangilio inajisahau kila ukizima umeme

Betri ya NVRAM (kumbukumbu ndogo inayotunza mipangilio) imekwisha. Kwenye Sun betri imo ndani ya chipu yenyewe, familia ya M48T, na utaona ujumbe kwamba yaliyomo kwenye IDPROM si halali, pamoja na anwani ya Ethernet iliyojaa `ff`. Konsoli ya seriali itaendelea kufanya kazi maadamu kibodi haipo, kwa hiyo usikurupuke. Kabla ya kubadilisha, tafuta hostid (namba ya utambulisho wa mashine) ya zamani kwenye stika au kumbukumbu za mashine, kwa kuwa leseni za programu nyingi zilifungwa kwenye namba hiyo. Chipu hukaa kwenye soketi: zima umeme, jifunge mkanda wa kuondoa umemetuli, na angalia upande wenye alama kabla ya kuing'oa. Kukata chipu na kulehemu betri ya nje ni kazi ya anayejua kulehemu, si ya kujifunzia kwenye chipu pekee uliyo nayo.

Pa kumwachia fundi

Ukisikia harufu ya kuungua au mlio wa kupasuka, vuta plagi ukutani na usiiwashe tena "kuhakikisha". Usifungue sanduku la umeme la mashine (power supply), kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Ukihisi mtetemo wa umeme ukigusa chuma cha mashine, au mita ikionyesha volti nyingi za AC kati ya ardhi ya kebo na ardhi ya soketi, usiunganishe kompyuta yako. Ardhi ya jengo au plagi ina kasoro, na anayehusika ni fundi umeme. Poti zote mbili zikitoa sifuri huku mashine ikijibu kwenye mtandao, chipu ya kuendesha laini imeungua. Fundi wa bodi anaweza kuibadilisha, na wakati unamsubiri, `telnet` au `ssh` bado inakufikisha ndani.